Mke wangu ana vikundi vitatu, mimi sina hata kimoja

SWALI: Nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 60, baada ya kufanya kazi ya upimaji ardhi halmashauri maisha yangu yote ya ajira. Naishi Tanga mjini. Watoto wanajitegemea, afya si mbaya, mafao nimemalizia nyumba na kilichobaki kipo benki. Tatizo ni siku yenyewe. Asubuhi namwagilia miche, nakwenda kijiweni kunywa kahawa, nacheza bao mpaka adhuhuri, nalala, jioni taarifa ya habari. Mke wangu ana vikundi vitatu: cha kufa na kuzikana, cha kuweka na kukopa, na darsa la akina mama. Mimi sina hata kimoja. Nasikia Ulaya wastaafu wana vyuo vyao. Kwetu kipo kitu kama hicho? Sitaki mradi wa kuku. Kila mtu ananishauri kuku. Nataka kujifunza jambo, na nijifunze na watu. Nianzie wapi? Na je, kikundi lazima kisajiliwe?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu.

La kuku tuliweke kando kama ulivyoomba. Wanaokushauri hawana nia mbaya. Kwetu mtu akistaafu, la kwanza anaulizwa "sasa una mradi gani?", na hata semina za kuwaandaa wastaafu kwa sehemu kubwa huzungumzia mafao, mirathi na biashara. Mambo ya lazima hayo, sikatai. Ila wewe hukuuliza habari ya kipato, na mtu anayeuliza habari ya kujifunza akijibiwa kwa bei ya vifaranga ana haki ya kuchoka.

Nikujibu kwa ufupi kwanza. Usizunguke mjini ukitafuta jengo lenye kibao cha "Chuo cha Wastaafu". Ulichonacho ni watu wanaotosha kuanzisha kikundi cha kujifunza pamoja, na utaratibu wa kukiendesha nchi hii iliujua tangu wewe ukiwa mtoto wa shule ya msingi. Sharti langu ni moja, nalitaja mapema kwa kuwa ndilo linalopuuzwa: kikundi hicho kisiguse pesa.

Umegusia vikundi vya mkeo, na pengine bila kukusudia umelitaja tatizo lenyewe. Yeye hakuvianzisha jana. Amevijenga miaka yote, kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya kliniki watoto wakiwa wadogo. Mwanaume aliyeajiriwa mara nyingi hana muda huo wala haoni haja, maana ofisi ndiyo kikundi chake: kuna wa kutaniana naye, wa kubishana naye, wa kumuuliza asilolijua. Siku ya kukabidhi ofisi anakabidhi faili, funguo na watu kwa pamoja, na hakuna anayemwambia kwamba la tatu ndilo zito. Kwa hiyo usijione mpungufu. Wala usiombe kuingia kwenye vikundi vya mkeo. Nimeona wastaafu wakifanya hivyo, na baada ya wiki mbili wameshaanza kumsahihisha katibu.

Sasa hao wa Ulaya. Ulichosikia ni kweli, lakini vipo vya namna mbili, na tofauti yake inakuhusu. Cha kwanza kilianzia Toulouse, Ufaransa, mwaka 1973, pale Profesa Pierre Vellas alipoufungua mlango wa chuo kikuu kwa watu waliostaafu. Kilipewa jina la chuo kikuu cha umri wa tatu, yaani umri unaofuata baada ya utoto na baada ya kazi. Hapo mzee anakwenda chuoni, anakaa ukumbini, profesa anafundisha. Wazo lilipovuka kwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenzao wakaligeuza. Peter Laslett, Michael Young na Eric Midwinter walisema: miongoni mwa wastaafu wenyewe kuna wahandisi, wauguzi, mafundi, walimu wa lugha na wakulima, profesa wa nini? Kwa hiyo huko wanachama wanafundishana. Anayejua Kifaransa anafundisha Kifaransa nyumbani kwake Jumanne, na Alhamisi anakuwa mwanafunzi kwa anayejua ndege wa porini. Hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna anayelipwa kwa kufundisha. Leo Uingereza ina zaidi ya vyama 1,000 vya namna hiyo.

Kwa Tanga nakushauri huu wa pili, na sisemi hivyo kwa sababu ya uhaba wa maprofesa. Namna ya Ufaransa inahitaji chuo kikubali, kitenge ukumbi, kipange bajeti, kimteue mratibu. Ukiandika barua leo utasubiri, na mratibu akihamishwa kila kitu kinalala. Namna ya pili inahitaji watu wanane na benchi.

Tena si ya kigeni kama unavyodhani. Ulikuwa na miaka minane au tisa hivi ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Huenda unakumbuka watu wazima wa mtaani kwenu wakikusanyika kuizunguka redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vipindi vya wiki kumi na mbili, vikarushwa na Redio Tanzania, pamoja na vijitabu vya lugha nyepesi. Watu wapatao 75,000 walipewa mafunzo ya kuongoza vikundi, na waliohudhuria walikaribia milioni 2. Kikundi kinasikiliza kipindi, redio inazimwa, kiongozi anasoma sehemu ya kijitabu, watu wanajadili: malaria yetu inatoka wapi, kichocho kimeingia vipi kijijini. Halafu, na hapa ndipo penye siri ya kampeni ile, hawaondoki mpaka wamekubaliana watafanya nini kabla ya kikao kijacho. Kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia dimbwi. Wiki inayofuata wanaulizana.

Yule kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Mara nyingi alikuwa jirani tu aliyejua kusoma vizuri. Ukiuelewa mpango huo umeshapata karibu kila unachokihitaji: watu wachache, jambo moja, mazungumzo, na kazi ya kwenda nayo nyumbani. Kikundi kinachokosa hicho cha mwisho hugeuka baraza la kulalamikia bei ya umeme.

Tuje kwako sasa. Tafuta watu kati ya sita na kumi na wawili. Chini ya hapo, wawili wakisafiri kikao kimekufa. Juu ya hapo wanaozungumza ni walewale wanne na wengine wanakuwa hadhira. Usikusanye wapima wenzako wala watumishi wa halmashauri peke yao. Mkikaa watu wa idara moja mtazungumzia mabosi wa zamani na hesabu za kikokotoo, na mtaona mmefanya kikao. Chukua mmoja kijiweni, mmoja msikitini au kanisani, mmoja wa bandari, mmoja wa reli, muuguzi aliyestaafu hospitali ya Bombo, mama aliyeuza samaki soko la Deep Sea akawaachia watoto biashara. Huyo wa mwisho hakuwahi kuajiriwa, hana barua ya kustaafu, na mara nyingi ndiye mwenye elimu ambayo wengine wote hamna. Kama umebahatika kumpata mwalimu mstaafu, vizuri, ila mpe zamu ya kufundisha baadaye kidogo. Mwalimu akishika chaki kikao cha kwanza, haiachii tena.

Akina mama waalikwe kwa majina yao, mmoja mmoja. Tangazo la jumla la "wote mnakaribishwa" kwetu husomeka kuwa ni la wanaume. Saa nayo iwafae. Kwa mji kama wenu ningechagua baada ya sala ya alasiri, tuseme saa kumi na robo hadi kabla ya saa kumi na mbili, ili watu wawahi magharibi na mwenye kupika aende kupika. Ijumaa iacheni, Jumapili iacheni. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile. Kikao kinachohamahama siku hupoteza wazee haraka kuliko kikao kibovu.

Mahali si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Darasa la shule ya msingi huwa tupu jioni, na mwalimu mkuu akiombwa kwa heshima na kuahidiwa kwamba mtafagia, aghalabu hakatai. Maktaba ya mkoa mnayo hapo mjini. Nenda kaonane na mkutubi, mweleze mnachokifanya, umuulize kuhusu chumba na vitabu kwa pamoja. Baraza ya nyumba ya mmoja wenu ni pazuri kwa kuanzia, lakini si kwa muda mrefu: mwenye nyumba huanza kuona aibu asipowapa chai, na kikundi kinageuka mzigo wa mkewe.

Kikao cha kwanza fundisha wewe, na fundisha kazi yako. Nina hakika unaiona kazi yako ya kawaida mno. Fikiria hapo mtaani ni wangapi wana hati ndani ya sanduku na hawajui kilichoandikwa humo: kama ni ya miaka 33, 66 au 99, masharti ya matumizi ni yapi, kiwanja kinaishia wapi. Chukua ramani moja ya upimaji, futa majina na namba ya kiwanja, itoe nakala. Waonyeshe kaskazini iko wapi, skeli inasemaje, namba za bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zinasomwaje, na kwa nini ramani ya mipango miji si kitu kimoja na ramani ya upimaji. Dakika ishirini zinatosha. Ukifika thelathini watu wanaanza kutazama saa. Halafu watoe uwanjani. Mpe kila mmoja apime kwa hatua urefu wa ukuta wa shule, aandike, kisha mpime kwa futi kamba mlinganishe. Watacheka sana, maana hatua za watu hazifanani, na mwenye goti bovu atapata shule ndefu kuliko wenzake. Kazi ya nyumbani: kila mmoja akatafute bikoni zote za kiwanja chake, aje aseme ngapi zipo, ngapi zimefukiwa, ngapi jirani amezijengea ukuta juu. Kikao cha pili hutahitaji kumbembeleza mtu kuzungumza.

Baada ya hapo zamu zinajipanga. Muuguzi atawafundisha kusoma mashine ya presha na maana ya zile namba mbili. Mama wa samaki atafundisha kumtambua samaki aliyelala na aliyevuliwa leo, macho na mashavu yakoje, na jinsi upepo wa kusi na wa kaskazi unavyobadilisha bei. Mtu wa reli aeleze njia iliyoanza kujengwa hapo Tanga mwaka 1893, na kama mnaye aliyefanya kazi mashambani, aunganishe na habari ya mkonge, ambao nao uliletwa pwani hiyo mwaka huohuo 1893, kwa miche 62 tu iliyosalimika safarini.

Mkifika kwenye historia, msikae darasani. Tanga ni mji wa kutembea. Siku moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, mnaanzia Bustani ya Jamhuri, mnapita mitaa ya zamani, mnakwenda upande wa Raskazone, ambako majeshi ya Waingereza yalishuka Novemba 1914 yakapigwa na Wajerumani waliokuwa wachache zaidi, na nyuki waliochokozwa na risasi nao wakaingia vitani bila kuitwa. Kila mtu apewe jengo moja, akaulizie historia yake wiki moja kabla, asimulie akiwa amesimama mbele yake. Hapo mna mazoezi, mna historia, na mna sababu ya kuvaa viatu. Wewe ungeweza kuongeza ramani ya mitaa iliyobadilishwa majina. Wajukuu wakitaka kufuata, waacheni wafuate.

Sasa turudi kijiweni kwako. Sikubaliani na wanaosema mzee anayecheza bao anapoteza muda. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi, na kuanzia hapo hakuna bahati: yote unayaona, na hesabu ni yako. Mwalimu Nyerere alilicheza. Lakini kuna kucheza na kuna kujifunza. Ukicheza na mtu yuleyule, kwa mtindo uleule, miaka kumi, mnajuana tu. Fanyeni hivi: wapeni mashimo namba, daftari liwe pembeni, mmoja aandike kila hatua ya namua, kete zikiwa bado mkononi, na kila ya mtaji, za mkononi zikiisha, mpaka mchezo uishe. Kisha rudisheni ubao mwanzo, muucheze tena mkisimama pale mtu alipokosea. Mpima hawezi kushindwa kazi hiyo. Mchezo ulioandikwa unafundishika, na mtakapokuwa na michezo kadhaa daftarini, mwiteni kijana wa kidato cha nne aje ashindane nanyi. Akishindwa atarudi, akiwashinda nyinyi ndio mtakaomtafuta.

Msinukuliwe, lakini, mkisema bao linazuia usahaulifu. Wapo wanaouza maneno ya namna hiyo. Ripoti ya 2024 ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa mtu kupata maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Kujitenga na watu limo. Elimu ndogo ya utotoni limo. Lakini pia zimo presha, kisukari, kutofanya mazoezi, masikio yasiyosikia vizuri na macho yasiyotibiwa. Haya mawili ya mwisho nayasisitiza kwako wewe kama mwenye kikundi, maana ndiyo yanayoondoa watu bila kuaga. Mzee asiyesikia vizuri hasemi kwamba hasikii. Anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, na wiki ya nne haji; mkimuuliza anasema ana shughuli. Kaeni duara, mzungumze mmoja mmoja, msikae chini ya bati siku ya mvua. Karatasi za kusoma ziandikwe kwa herufi kubwa. Na kama kuna siku mtakwenda mahali pamoja kama kikundi, ya kwanza iwe kupima macho.

Simu ifundishwe, na ifundishwe na vijana. Hili liwe somo la mapema, kabla hata ya historia. Si kwa ajili ya kuona video. Ni kwa ajili ya ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wa aliyepiga akijifanya wakala, na wa anayesema mjukuu amelazwa. Mwombeni kijana mmoja mvumilivu, leteni simu zenu zenyewe, kila mmoja afanye kwa mkono wake: kuangalia salio, kubadilisha namba ya siri, kumzuia mtu asipige tena, kukata simu bila kuona haya. Kijana asiruhusiwe kuchukua simu ya mzee na kumfanyia. Akifanya hivyo, somo limekufa. Mkifungua kundi la WhatsApp, liwe la ratiba tu. Likianza kupokea dua, video za dawa za mitishamba na siasa, watu watalizima na ratiba wataikosa.

Sasa pesa. Vikundi vya kujifunza nilivyoviona vikifa, vingi havikufa kwa kukosa mada. Vilianza vizuri, halafu mwanachama mmoja mwenye nia njema akasema, kwa kuwa tunakutana kila wiki, kwa nini tusiweke elfu mbili mbili? Baada ya miezi kuna mkopo haujarudi, aliyekopa anaona aibu kuja, mdhamini wake naye haji, na somo la ramani limekuwa kikao cha usuluhishi. Mkeo ana kikundi cha kuweka na kukopa. Hicho kina kazi yake na kanuni zake. Kikundi chako kichange nauli ya mgeni na nakala za karatasi, siku hiyohiyo, zitumike ziishe. Pasiwe na mweka hazina maana pasiwe na hazina.

Kuna sababu ya pili, nayo ni chungu zaidi. Wastaafu wanatafutwa. Mtu akijua kuna watu kumi hapo wenye mafao, atakuja na kompyuta na fursa: mashamba ya mbali yanayolipa bila kulimwa, virutubisho vya kuuziana, sarafu za mtandaoni. Atajitambulisha kama mwalimu wa kujitolea. Kanuni iwe moja na isiwe na huruma: anayefundisha hauzi. Akiuza siku hiyo, harudi tena, hata awe mtoto wa mwenzenu.

Vipo pia vyuo vya kawaida, na sitaki uvione ni vya vijana. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani kwenu, na masomo yake unayasoma ukiwa nyumbani. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, vikilenga watu wazima hasa. Mkoani Tanga kipo cha Handeni. VETA ina kozi fupi za jioni za ufundi. Kama unataka cheti, au kuna somo linalohitaji vifaa kama kuchomelea au kushona, nenda huko, jiandikishe, kaa na watoto darasani. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, kwa kuwa alitaka kusoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Ila uliloniandikia si cheti. Uliandika "na watu". Kwa hilo chuo kitakupa wenzako wa miaka ishirini kwa saa mbili, kisha wataondoka na bodaboda zao.

Mwanzoni watakuja watatu. Wengine watasema wamesahau, mmoja atakuwa na msiba, mmoja atakupigia kesho yake kuuliza kama mliongea la maana. Wakija watatu, anza na watatu, kwa saa iliyotajwa, na usirudie somo wiki inayofuata kwa ajili ya ambao hawakuja. Waliochelewa wasimuliwe na waliohudhuria. Hiyo nayo ni kufundishana. Usikubali kuwa mwenyekiti. Kikundi kikiwa na mwenyekiti kitataka makamu, kisha mlezi, kisha mgeni rasmi. Awepo mtu mmoja wa kukumbusha ratiba, abadilike kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu usajili: mkibaki watu wa kukutana na kufundishana, bila akiba na bila mikopo, anza kwa kumjulisha mwenyekiti wa mtaa na afisa maendeleo ya jamii wa kata, ili jirani akiuliza hao wazee wanakusanyika kwa nini, jibu liwe linajulikana. Ukiwa kwa huyo afisa, mwulize kama halmashauri yenu ina utaratibu wake zaidi. Mkitaka akaunti ya benki, au kuomba msaada wa mfadhili, mtahitaji katiba fupi na kusajiliwa. Na mkianza kuweka na kukopeshana, mmeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na hapo kusajiliwa si hiari tena. Ukimwona huyo afisa wa kata, mwulize pia Baraza la Wazee la kata lenu linakutana lini; wenzako wawili watatu wa kuanza nao huenda wamekaa humo tayari, wakingoja mtu awaletee ajenda nyingine mbali na matibabu ya bure.